Mama Mkwe Habebwi

Nilirudi kwenye mashindano ya baiskeli kwa sababu ya zipu. Mimi ni fundi wa cherehani mjini Migori, na kazi yangu ni sare za shule na nguo za kwaya. Siku moja wakaja vijana wa klabu ya baiskeli na fulana zao za kubana, zipu zimeng'oka meno, wakaniuliza, "Mama, hizi unaziweza?" Nikazishika. Kitambaa chepesi, kinateleza mkononi, na ndani yake harufu ya jasho iliyochanganyika na mafuta ya cheni. Harufu ile ndiyo iliyonimaliza. Nikawauliza wanafika wapi na baiskeli hizo. Wakasema kila Jumamosi wanapanda mpaka Rongo na kurudi. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Na mwanamke akitaka?"

Walicheka, ingawa kwa adabu. Wangejuaje? Nilipokuwa msichana, kwetu nje ya Rongo, katikati ya mashamba ya miwa, sikukuu haikupita bila mbio za baiskeli. Baba alikuwa na ile nyeusi nzito ya chuma, na kwa kuwa sikukifikia kiti, nilipitisha mguu mmoja ndani ya fremu nikaendesha nimejipinda upande. Hivyo hivyo nikawapita wavulana. Nilishinda beseni. Nilishinda blanketi. Mwaka mmoja nilishinda jogoo, nikamfunga kwenye usukani akaja akiwika njia nzima, na baba akasimama barabarani akinisubiri kama ninayetoka ng'ambo. Kisha nikaolewa Migori. Baiskeli ikawa ya kubebea mahindi ya kusagwa, halafu ikawa ya watoto, halafu ikawa vyuma tu nyuma ya choo.

Kwa hiyo nilipojitokeza Jumamosi ya kwanza, mwanamke wa miaka hamsini na zaidi, mwenye wajukuu, juu ya baiskeli ya mitumba, soko lilisimama. "Nyar Rongo!" wakaniita akina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, yaani binti wa Rongo, maana mke kwetu huitwa kwa alikotoka. "Ukivunjika nyonga, nani atatushonea?" Mmoja akawajibu kabla yangu: "Mwacheni, ng'ombe hazeeki maini." Basi maini yangu yalitapika kwenye kilima cha kwanza. Jumamosi ya pili sikutapika. Kabla mwaka haujaisha, wale vijana waliokuwa wakinisubiri juu ya vilima walikuwa wakinipigia kelele niwasubiri mimi, na nilikuwa siwasubiri ng'o.

Klabuni nilifundishwa neno moja ambalo baba hakulijua: kubebwa. Ukimfuata mwenzako karibu kabisa, gurudumu lako likikaribia kulamba la kwake, upepo unampiga yeye, wewe unapumua. Hapo wanasema unabebwa. Ndivyo watu wanavyoshinda mbio, wala si aibu. Leo unabebwa, kesho unabeba.

Shida yangu ilikuja kwa mlango wa nyumbani. Mzee wangu hakuwa amepinga kitu. Alikuwa akinicheka tu na kunisugulia goti mafuta. Lakini yalipotangazwa mashindano ya kutoka Migori hadi Homa Bay, wanaume na wanawake kuanza pamoja ila zawadi tofauti, binti yetu aliyeolewa Awendo alipiga simu akiwa na furaha: "Mama, na mume wangu amejiandikisha!"

Yawa! Mzee aliposikia, akaweka kikombe chini.

Asiyetujua nitamwambia. Kwetu Waluo, mama mkwe na mkwe wake ni watu wa kuheshimiana kwa mbali. Hatushikani mikono ovyo, hatukai kiti kimoja, hatuli pamoja kwa mazoea. Akikutana nami kwenye kijia, yeye ndiye anayetoka njiani, anasimama majanini na kuangalia kando mpaka nipite. Sasa fikiria huyo huyo ameinama mbele yangu ndani ya kaptura ya kubana, nami pua yangu iko nyuma yake. Au mimi mbele, yeye nyuma. Na kwamba kitendo chenyewe kinaitwa kubebwa! Mkwe anibebe mgongoni mchana kweupe, kuanzia Migori mpaka ziwani!

"Chagua," mzee akasema. "Uwe mama mkwe au uwe mwendesha baiskeli. Vyote viwili barabara moja havipiti."

Nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki, na hakuna kinachokera kama mume mwenye haki. Mkwe wangu ni kijana mwema, muuguzi, hajawahi kunivunjia heshima hata kwa kikohozi. Sikutaka achekwe kwao kwamba mamake mkwe hana haya. Lakini pia nilikuwa nimelitamani shindano lile mpaka naliota. Miaka yote ile nilishona nguo za watu wa kwenda mahali. Nilitaka nami niende.

Nikafanya ninalolijua. Nilishona sketi: nyuma ina marinda, inafika magotini, imekazwa kiunoni, na pindo nimelitia lastiki lisipeperuke. Nikaivaa juu ya kaptura. Nikamwambia mzee, "Heshima yangu hii hapa, nimeivaa. Na huyo kijana sitamkaribia. Awe mbele mbali au nyuma mbali." Akaguna. Akasema yeye Homa Bay haji.

Siku yenyewe tulipaswa kuanza alfajiri, upepo ukiwa bado umelala. Lakini mgeni rasmi alichelewa, akaja, akahutubia, akamkaribisha mwingine ahutubie, na mpaka bendera inashushwa jua lilikuwa limetuchoma visogo. Nilijua tutakayoyakuta mbele. Jua likishapanda, upepo wa ziwa unatoka Homa Bay kuja kutulaki, na haulaki kwa upole.

Nitaruka Awendo na Rongo, ingawa Rongo watu wa kwetu walipiga makelele mpaka nikasahau miguu. Wanaume wenye nguvu walishatokomea. Tulipopita Rodi Kopany na kuanza kuteremka kuelekea ziwani, upepo ukatupiga usoni, kundi likapasuka vipande vipande. Nikainua macho. Mbele yangu kulikuwa na watu wawili tu, na mbele yao hakuna mwanamke mwingine. Wa nyuma alikuwa binti mmoja wa Isebania, mkali sana, ambaye kila mtu alimtabiria ushindi. Aliyembeba alikuwa mkwe wangu.

Nilikanyaga mpaka nikawafikia. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Nafasi ilikuwapo, nyuma ya binti au nyuma ya kijana, na barabara ni moja. Nikahamia upande wa pili kabisa wa lami, peke yangu, upepo wote kifuani.

"Mama, njoo huku nyuma!" binti akanipigia kelele. "Upepo utakuua!"

"Siwezi! Huyo ni mkwe wangu!"

"Ala!" akasema. Alikuwa Mkuria, na Wakuria nao wana miiko yao ya ukwe, alielewa mara moja. "Pole, mama." Lakini hakutoka pale alipokuwa, na simlaumu. Hata mimi nisingetoka.

Mkwe wangu alisikia yote. Niliona shingo yake imekaza. Akajaribu kwenda mbio amwache, binti akamng'ang'ania. Akapunguza, binti akapunguza. Kila alichofanya kilikuwa kinambeba mpinzani wangu hadi kwenye kombe, na mimi mama mkwe wake nateketea pembeni. Nikaanza kubaki. Gurudumu moja, kisha urefu wa baiskeli, kisha zaidi. Watoto kando ya barabara walinishangilia, "Dani! Dani!", yaani bibi, na mimi moyoni nikajisemea, ndiyo basi, mzee alisema kweli, havipiti vyote viwili.

Halafu nikamwona mkwe wangu anainua mkono juu, anatoka barabarani.

Nilidhani ni pancha. Nilipokaribia nikaona magurudumu yote mawili mazima. Alikuwa ameshuka, ameingia majanini na baiskeli yake, amesimama wima ameielekezea uso ile mihogo ya mtu shambani. Hakunitazama. Alisema tu, "Pita, mama."

Nilitaka kulia, lakini kwenye baiskeli ukilia unajinyima pumzi, kwa hiyo nikapita. Nilipita nimenyooka, sketi yangu imetulia, kama mama mkwe anavyopaswa kumpita mkwe wake njiani.

Binti wa Isebania sasa alikuwa peke yake na upepo, na upepo haukumwonea haya. Nilimvuta kidogo kidogo. Nilipomfikia nikaingia moja kwa moja nyuma ya gurudumu lake, nikatulia.

Akageuka. "Na mimi je?"

"Wewe si mkwe wangu!"

Akacheka mpaka baiskeli ikayumba. Tangu hapo tulibadilishana, anibebe nimbebe, bila neno, mpaka kilima cha Asego kikajitokeza na mji ukaonekana chini yake. Hapo urafiki ukaisha. Alichomoka kwanza. Nikamfuata, nikapumzika mgongoni mwake pumzi tatu za mwisho, nikakumbuka nilivyokuwa nikiwangoja wavulana wachoke ndipo nijipinde upande na kuwapita. Nikapita. Gurudumu moja tu, lakini gurudumu zima. Na katika sketi ile haukufumuka hata uzi.

Najivunia, na sitasema kwa kificho. Nilisimama pale Homa Bay, kombe mkononi, na nikatamani baba angekuwa barabarani ananisubiri.

Aliyekuwa barabarani alikuwa mzee wangu. Yule yule aliyesema haji! Alikuwa amesimama na binti yetu chini ya mwavuli, amevaa koti lake la kanisani. Mwamuzi alikuwa anamngoja mtu wa mwisho. Mkwe wangu aliingia baada ya wote, hata baada ya wale waliopata pancha mara mbili. Mtangazaji, mtu wa mzaha, akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Kijana, umeonekana umesimama kando ya barabara. Baiskeli nzima, miguu mizima. Ulipatwa na nini?"

Mkwe wangu akainamisha kichwa. Sauti yake ikatoka kwenye spika zote, umati mzima ukaisikia.

"Nilikutana na mama mkwe njiani."

Wazee wakaanza kupiga makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Ningetaka kumpa mkono yule kijana. Haifai. Jumapili nilimchinjia jogoo, nikamtengea peke yake kwenye meza nzuri, nikakaa jikoni nikisikiliza akila.

Jumatatu asubuhi nilitoka uani kwenda kufungua kibanda. Nilimkuta mzee wangu amechuchumaa kwenye baiskeli yangu, pampu mkononi, anatia upepo gurudumu la mbele.

"Mama mkwe," akaniita bila kuinua macho, "Jumamosi mnaanza saa ngapi?"