Madam Ngapi na Fomu Iliyorudi

Kitu cha kwanza nilichogundua kwa Madam Caroline Lesiamon ni kwamba hakubali jibu lisilo na namba. Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo kidogo cha utafiti wa mifugo mjini Kajiado, nilimwambia kwa unyenyekevu wote niliofundishwa kwamba nimeleta nakala za vyeti vyangu.

"Ngapi?"

"Za kutosha, Madam."

Alishusha miwani. "Kutosha si namba, Muteti."

Baadaye Lemein, dereva wa kituo, alinifariji. "Usijali. Mimi nilimwambia gari iko na mafuta kidogo, akanirudisha nikaangalie mshale. Hapa tunamwita Madam Ngapi. Lakini si mbele yake."

Kazi yake huwachanganya watu, hata majirani zake wa Kitengela, ambao humletea mbuzi wagonjwa wakidhani ni daktari wa mifugo. Yeye ni meneja wa utafiti. Hachunguzi kupe, huwachunguza wanaochunguza kupe. Huhakikisha kwamba wana vibali, wamewaomba wafugaji ruhusa, wamehifadhi takwimu zao na wameandika ripoti kwa wakati. Mtafiti akisema amewahoji wafugaji wengi, sote tunajua swali litakalofuata.

Mwaka huu aliamua kugombea kiti katika bodi ya Chama cha Wasimamizi wa Utafiti, chenye makao yake Nairobi. Kiti ni kimoja, wagombea wawili. Hakukitaka kwa ajili ya cheo. Miaka miwili iliyopita Nalotuesha, mtafiti wetu kijana kule Rombo, alikuwa akifuatilia afya ya ndama katika maboma kadhaa. Ukame ukaja, familia zikahama na mifugo kutafuta malisho, ripoti ikachelewa miezi mitatu, na wafadhili wakaufuta mradi. Madam anataka chama kitoe mwongozo unaotambua ukame kuwa sababu halali ya kuchelewa. "Ng'ombe hawasomi kalenda," husema. Bodi ndiyo huandika miongozo, na ndani ya bodi hiyo hakuna hata mmoja anayefanya kazi nje ya Nairobi.

Basi akajaza fomu, akaituma. Siku mbili baadaye ikarudi.

Gitonga, mtunza takwimu wetu, aliisoma barua pepe kwa sauti. "'Sehemu ya nne haijajazwa ipasavyo. Taja idadi ya miradi uliyosimamia. Mwisho ni leo, saa kumi na moja jioni.' Kwani uliandika nini, Madam?"

Madam akajifanya anatafuta kalamu. Gitonga akafungua fomu yenyewe, akaanza kutikisika mabega. "Ameandika, 'Ni mingi, tunamshukuru Mungu.'"

Lemein alikuwa amesimama mlangoni. Nadhani alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa miaka.

"Mingi si namba, Madam."

Tulicheka, naye akacheka. Lakini hakuandika.

"Mama yangu kule Kimuka hajawahi kuhesabu ng'ombe wake," alisema. "Wala watoto wake. Ukimwuliza ako na watoto wangapi, atakuambia wapo. Cha watu, hesabu. Chako ukikihesabu, unakiitia macho mabaya."

"Lakini hiyo ni miradi, Madam, si ng'ombe," Gitonga akasema. "Sisi kwetu tunahesabu hata kabeji zikiwa shambani."

"Ndiyo sababu zenu huibiwa."

Mimi, kwa kuwa nina shahada ya takwimu, nilisimama kueleza kwamba hakuna ushahidi wowote unaohusisha kuhesabu na hasara. Lemein alinikanyaga mguu. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Sasa yeyo, mama yako, anajuaje kama moja imepotea?" Lemein akamwuliza Madam. Alikuwa anajua jibu. Naye pia alilelewa bomani.

"Anasimama langoni jioni, anawaangalia wakiingia. Anawajua kwa rangi."

"Basi na wewe simama langoni."

Alielewa kabla yetu. Akavua miwani, akafumba macho, akaanza kuiingiza miradi yake mmoja mmoja. Ule wa kupe, mweusi, wenye fujo tangu siku ya kwanza. Ule wa maziwa ya ngamia, mpole, haukusumbua mtu. Ule wa visima, wa madoadoa, mkaidi, uliorudishwa na kamati ya maadili mara mbili. Niliketi nyuma yake nikipiga vistari kwenye karatasi, kimya kama mwizi.

Alipofika mwisho alifumbua macho. Kisha akasema, "Na ule wa Rombo."

"Huo si ulikufa, Madam?" Lemein aliuliza polepole.

"Ulifia mikononi mwangu. Uingie."

Nikapiga kistari cha mwisho. Nilijumlisha, nikaandika namba katika sehemu ya nne, naye akatia sahihi huku ameifunika kwa kiganja. Mpaka leo haijui. Mimi naijua, lakini nimekatazwa kuiandika, hata hapa. Fomu iliondoka saa kumi na dakika arobaini.

Juma hili wanachama wamekuwa wakipiga kura mtandaoni. Gitonga anaweza kuona katika tovuti ya chama kila mgombea amepata kura ngapi, ila Madam amemwonya asithubutu kuzitaja zake. Upigaji kura unafungwa leo saa sita mchana, na jina la mshindi litatangazwa papo hapo. Nalotuesha amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Ameandika upya pendekezo la mradi wa ndama, na hataki kulituma kabla ya kujua nani yuko ndani ya bodi.

Sasa hivi Madam amepita mezani kwangu kwa mara ya nne. Safari hii amesimama. Ameshusha miwani.

"Muteti, nga—"

Gitonga na Lemein wameinua vichwa.

"Ni saa ngapi?"

"Saa tano na dakika hamsini na mbili, Madam."

Nimeshajifunza kutosema inakaribia saa sita. Amevuta kiti, ameketi kando yangu, na sote wanne tunaitazama skrini.