Spana Zilizolia Vizuri

Hadithi hii inanionyesha fala, najua. Bora niisimulie mwenyewe, maana dada yangu akiisimulia anaongeza chumvi na kuiga sura yangu.

Alikuwa anaolewa kule Olumbi. Kumpeleka, yeye na kitanda na masufuria yake, ilikuwa kazi ya pikapu ya mjomba. Wiki ya harusi pikapu ikaanza kuvuja maji na kuchemka: pampu ya maji imekufa. Mjomba akapata pampu nyingine, akataka kumwita mekaniko.

"Mekaniko wa nini, mjomba? Nipo mimi. Nataka spana nzuri tu."

Wakwe walishatuma salamu, eti gari letu likishindwa watamfuata bibi harusi wenyewe. Epa! Wamchukue kama gunia la mhogo? Nikaapa gari letu ndilo litakalompeleka.

Nikatoka kwetu Quitunda mpaka sokoni Palma, kwa jamaa mmoja anayeleta vyuma kutoka upande wa Mtwara. Sasa, kwetu jembe halinunuliwi kwa macho. Mama hulining'iniza kidoleni, akaligonga kwa kijiwe, akasikiliza. Likilia ngriii, chuma hicho. Likisema du, analirudisha. Basi na mimi nikazifunga spana kwa uzi, moja moja, nagonga, macho nimefumba. Watu wakajaa. Seti iliyolia kuliko zote nikaibeba.

Na chuma kilikuwa chuma kweli. Ila zilikuwa spana za inchi, na gari la mjomba ni la milimita. Hii haiingii, ile inacheza. Nikalazimisha, boliti ikaisha kona zote, ikawa duara kama kitumbua.

Mjomba akaitazama. "Umeinyoa?"

"Usimwite mtu, mjomba. Kesho gari linawaka."

Boliti ya jirani yake nikailegeza kwa plaizi, taratibu, nikaitia mfukoni, nikarudi sokoni.

"Mpiga ngoma karudi!" muuzaji akapiga kelele. "Leo unagonga nini?"

"Leo sigongi, kaka. Leo najaribisha."

Nikaibana boliti kwenye jiliwa lake, nikaijaribu kwa spana moja baada ya nyingine. Kuna kasha linang'aa, vipande tele, spana yake ikachezacheza. Nikaliacha. Nyingine ikakaa vizuri, kuikaza kidogo tu, mdomo ukapanuka. Nikaiacha.

"Utamaliza duka langu!"

"Nitalimaliza."

Chini kabisa ya meza nikakuta seti nyeusi, vipande vichache, imefungwa kitambaa, haina hata kasha. Ikaing'ata boliti, haitikisiki. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, mdomo uko vilevile. Hiyo ndiyo nikaichukua, na zile za inchi akanibadilishia huku anacheka.

Nyumbani, boliti niliyoinyoa niliipigilia soketi ndogo, ile spana ya kikombe, kwa nyundo mpaka ikakubali kufunguka. Pampu ikakaa. Gari likawaka, tone la maji halikuanguka. Mjomba akafunga boneti kwa mkono wake mwenyewe, na kwake hiyo ni sifa.

Siku ya harusi tukaondoka, mjomba kwenye usukani, dada pembeni yake, mimi nyuma nimekishika kitanda. Mshale wa joto haukupanda njia nzima. Olumbi vigelegele vikatupokea. Nikaruka chini nikijiona bwana harusi mdogo, nikatia mkono mfukoni nitafute leso.

Boliti. Ile niliyoipeleka sokoni. Wenzake ndio walioishika pampu mpaka pale.

Nilitaka kuificha, nikachelewa. Dada akainua pembe ya ushungi wake, akaitazama, akaniambia polepole, wakwe wasisikie:

"Igonge kwanza, kaka. Tusikie kama inalia."