Kiingereza cha Redio ya Baba Tabitha

Mtaani kwetu Ziwani kulikuwa na uvumi, nami niliumeza mzimamzima, kwamba mtu akisikiliza redio ya London kutwa, tangu matarumbeta ya asubuhi hadi wimbo wa kufungia, bila kutoka nje hata kukojoa, basi Kiingereza humwingia chenyewe kichwani kama unyevu unavyoingia ukutani. Msinicheke. Nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa na shida.

Shida yenyewe ilikuwa Jumatatu. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba siku hiyo kila mmoja wetu atasimama azungumze Kiingereza mbele ya darasa, na atakayeshindwa atarudishwa darasa la nne. Huko darasa la nne alikuwako mdogo wangu Wafula, ambaye tayari alishaanza kuniita "jirani".

Redio ilikuwa kwa Baba Tabitha, tarishi wa ofisi fulani mjini, aliyeachiwa redio hiyo na mzungu aliyemtumikia, alipokuwa akirudi kwao. Ilikuwa kubwa kama kabati la vyombo, na ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi linaloungua, harufu ambayo hata leo ikinifikia nakaa wima. Baba Tabitha hakuisikiliza ila amevaa tai. Wiki ile alikuwa ameambiwa ofisini kwamba Jumamosi London itafukua vipindi vyake vya kale, vya enzi za vita na baada yake, ivirushe kutwa. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwake.

"Keti, usikohoe," akaniambia. "Hawa ni watu wa adabu."

Watu wa adabu, jamani! Vipindi vile nimevisikia tena ukubwani, Kiingereza sasa ninacho, na sijapata kuona ufalme ulioringa sana kwa vitu vidogo hivyo. Yalianza matarumbeta, yakilia kama ng'ombe elfu walionyimwa maji. Akafuata mama mmoja wa sauti ya puani, akatufundisha kuoka keki bila mayai, bila siagi, bila sukari. Ziwani nzima ilikuwa ikipika bila mayai wala siagi tangu ijengwe, na hakuna aliyewahi kuomba maikrofoni.

Baba Tabitha akaniinamia. "Waziri huyo," akanong'ona. "Mambo ya bajeti."

Kisha mzee mmoja akaliomboleza waridi lake lililoliwa na wadudu, kwa huzuni ambayo sisi tuliiweka akiba ya matanga. Baada yake bwana mwingine akakohoa kidogo, akasoma hali ya hewa ya baharini, majina kwa majina ya maji baridi ambayo mtu mwenye akili hawezi kutia hata kidole cha mguu. Baba Tabitha akasema huyo anasali. Tukainamisha vichwa.

Mchana ukaja muziki wa kuwachangamsha wafanyakazi viwandani. Mimi ulinilaza, hata Mama Tabitha akanigusa bega kwa mpini wa mwiko. Kibofu nacho kilikuwa kimejaa kama pipa la mvua.

"Mtoto, nenda choo," akaniambia.

"Asitoke!" mumewe akamkata. "Kitamwagika chote."

"Kitamwagika, ndiyo," Mama Tabitha akajibu, "lakini juu ya kiti changu."

Nikabana mapaja.

Jioni vikaja vichekesho. Mtu alikanyaga ndoo. Alikanyaga ndoo, ndugu zangu, hicho ndicho kichekesho chenyewe, na ukumbi mzima ukaangua kicheko karibu paa liezuke. Baba Tabitha akacheka nao, ha ha ha, akijipiga paja. Waliponyamaza naye akanyamaza papo hapo, kama bomba lililofungwa. Nami nikafuata vivyo hivyo. Mwishowe ukapigwa wimbo wa ufalme wao, tukasimama wima sote wawili, katika nchi iliyokwisha kuishusha bendera yao zamani. Mama Tabitha alibaki ameketi akichagua mchele. Kisha nikatimua mbio kwenda chooni.

Jumatatu nilisimama mbele ya darasa, nikanyoosha kola, nikafungua mdomo, nikangoja kitoke. Hakikutoka. Nikakohoa kidogo kama yule bwana wa baharini. Wapi! Halafu kikatoka kitu kimoja tu nilichokivuna kutwa ile: nikacheka, ha ha ha, nikajipiga paja, nikanyamaza ghafla.

Mwalimu akanyoosha kidole mlangoni.

Kule darasa la nne, Wafula alikuwa ameshasogea kwenye dawati. "Karibu, jirani," akasema. "Mbona umechelewa?"

Kwa miaka mingi niliidharau akili yangu, badala ya kuidharau ile redio na keki yake. Nilijua kosa lilikuwa usingizi: Kiingereza kilikuja, kikanikuta nakoroma, kikapita. Hata nilipokisoma shule ya usiku, neno kwa neno, kwa chaki na kwa kufokewa, niliona nalipia njia ndefu kwa sababu ile fupi ilinishinda. Nilipopata cheti nilikipeleka kwa Mama Tabitha, mjane sasa, nikamkuta na ungo wake wa mchele. Nikamwambia mzee angekuwa hai angefurahi, na kwamba nisingesinzia siku ile, ningekuwa mbali.

Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Barasa," akasema, "Kiingereza hakiingii kwa kusikiliza redio. Baba Tabitha hakukijua hata siku moja. Alikuwa akingoja wale wa redioni wacheke, ndipo naye acheke."