Mama Povu Adai Jibu Lake

"Mikono yangu mliipiga picha mpaka kucha. Jibu liko wapi?"

Mama Povu alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya mkuu wa idara, ndoo ameiacha mlangoni, na karani bado anamvuta upande wa nguo.

"Mama, Profesa ana kikao."

"Basi kikao kimeongezeka mtu. Niitieni yule mwenye miwani, anayepita uchochoroni kama mwizi wa kuku."

Profesa, mama mnene mwenye sauti ya kufundishia bila kipaza sauti, alifunga faili lake. "Mwache," akamwambia karani. "Kamwite huyo mwenye miwani."

Chuo kile kilikuwa kichanga, kuta zikinuka rangi, lakini agizo lilikwishashuka: kila mhadhiri afanye utafiti. Wakatapakaa. Mtaa wa kwanza ukitoka getini ni wa madobi, akina mama wanaofua mashuka ya hosteli na makoti meupe ya maabara, kwa hiyo kila mwenye swali alilitua pale. Huyu anauliza mnalala saa ngapi, yule anauliza mnakunywa maji gani. Mama Povu aliwajibu wote huku anakamua. Aliyerudi kusema amegundua nini, hakuna.

Huyu wa miwani alikuja na jambo la maana. Mikono ya Mama Povu ilikuwa ikichanika kwenye viungo vya vidole, hata kushika chumvi ilikuwa adhabu. Wifi yake, anayefua beseni la jirani, alikwishamwambia: "Achana na makoti, wifi. Kauze mkaa. Mikono hiyo utazikwa nayo vipande vipande." Ndipo mhadhiri akaleta sabuni za aina tatu, ya kipande na nyeupe zikiwemo, wafue nazo kwa zamu, naye awe anakuja kuwakagua viganja kwa kioo cha kukuzia na kuvipiga picha.

"Huyu anatafuta mchumba," wifi akasema, na mtaa mzima ukaangua kicheko.

Akacheka nao, akaahidi: "Nikimaliza, jibu nitalileta mwenyewe."

Mama Povu akaona asubiri jibu kwanza, ndipo aamue, makoti au mkaa. Huku anasubiri, akajikamua kununua ile sabuni nyeupe ya bei mbaya, maana ilinukia kama dawa. Mhadhiri akaingia mitini. Geti la mbele akalisahau kabisa, akawa anapitia uchochoroni.

Sasa mhadhiri huyo alikuwa mlangoni pa ofisi, macho sakafuni.

"Mwanangu," Mama Povu akaanza, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama. Ni kwamba sikupata kitu."

"Hukupata kitu," Profesa akadakia, "au uliona sabuni zote zinafanana?"

"Zote sawa, Profesa. Nilipima, nikarudia. Tofauti hakuna."

"Na siku ya kuwasilisha ukasema unaumwa tumbo."

"Wenzangu wote walikuwa na matokeo. Mimi ningesimama niseme sabuni ni sabuni?"

Mama Povu akaketi bila kukaribishwa. "Subiri. Ile nyeupe ni sawa na hii ya kipande?"

"Kwa mikono, sawa tu."

"Ee Mungu wangu! Mimi nanunua manukato!" Akalipiga goti lake kwa kiganja, kikamuuma, akacheka hivyo hivyo. "Basi mikono inachanwa na nini?"

"Sijui, mama."

Watu wengi wa chuo walikwishapita kwenye beseni lake. Wa kusema sijui, huyu ndiye alikuwa wa kwanza.

"Ijumaa utasimama," Profesa akasema. "Useme hivyo hivyo mbele ya wenzako. Na wewe mama, njoo na wenzako wote."

Ijumaa madobi wakajaza viti vya nyuma. Mhadhiri akasimama, jasho linamtiririka, akasema sabuni zote sawa. Mhadhiri mwenzake mmoja akauliza kama aliangalia maji yenyewe. Mwingine akasema tatizo ni kushinda umelowa, si sabuni. Wa tatu akamkatalia, wakabishana mpaka chaki ikaanguka.

"Kumbe wanagombana kama sisi bombani," wifi akanong'ona, raha tupu.

Kabla hawajatoka, mwalimu wa kilimo akainuka kwa aibu, akasema miche yake yote ilikufa na hajamwambia mtu. Wakamwambia akae, Ijumaa ijayo ni zamu yake. Mama Povu aliona nyuso zinavyolegea, kama watu waliovua viatu vya kubana.

Mkaa hakuuza. Alirudia sabuni ya kipande, na kilichobaki akanunulia glavu za mpira. Vidole bado vinachanika, ila si kama zamani. Mhadhiri anasema ni mapema kusema chochote, wapime kwanza.

Jumatatu iliyofuata Ijumaa ile, mhadhiri alipita geti la mbele. Akasimama kwa kila beseni, akimweleza kila mama aliyempa viganja vyake: tulipima, zote sawa, chanzo bado hatukijui, asante. Wengine walimcheka, mmoja akamtaka arudie. Mama Povu aliendelea kufua, sikio liko huko.

Akamfikia wifi, aliyekuwa ameweka beseni katikati ya njia makusudi.

"Na mimi?"

"Na wewe, mama. Sawa tu."

Wifi akamtazama juu mpaka chini, akalivuta beseni pembeni.

"Haya. Pita."