Mwanamke Kwenye Kioo cha Kabati

Binti yangu alinipigia simu asubuhi moja, baada ya miezi mitano ya kunijibu kwa alama ya kidole gumba tu.

Hakunisalimia.

"Baba, huyo mwanamke uliyemweka chumbani kwa mama ni nani?"

Niligeuka nikatazama chumba. Kulikuwa na kitanda, meza, kabati na mimi. Basi.

"Mwanamke gani, mwanangu?"

"Usinifanye mtoto, baba. Kila picha unayonitumia yumo."

Akakata.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana hata mimi mwenyewe nilihitaji kurudi nyuma ndipo nikaelewa.

Mimi ni fundi saa. Natengeneza saa za mkononi, zile za mishale. Kazi naifanyia chumbani, kwenye meza iliyo ubavuni mwa dirisha. Wateja siku hizi ni wa kuhesabu kwa vidole, kwani kila mtu saa yake iko kwenye simu. Mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mtoto tulijaliwa mmoja, naye anafanya kazi nchi ya mbali.

Ukikaa peke yako unajua mambo ya ajabu. Mimi najua ubao upi wa kitanda huanza kulia kabla ya mwenzake.

Kabla ya kuondoka, binti alininunulia simu nzuri. "Uwe unanitumia picha, baba, nione unavyoishi."

Nikawa natuma. Kila saa niliyomaliza kuitengeneza naiweka mezani, naisimamia kwa juu, nabonyeza. Picha zenyewe zilikuwa balaa. Zina ukungu, zina giza, na katikati kivuli cha kichwa changu.

Lakini alikuwa anajibu.

"Baba, hiyo ni saa au kifuniko cha soda?"

Tunacheka. Siku nyingine anapiga kabisa, tunaongea mpaka sikio linapata moto.

Nikajiambia, kama picha mbovu zinaleta simu, picha nzuri zitaleta nini?

Nikaanza kujifunza. Kuna mwalimu mmoja anaweka video za bure mtandaoni. Nikanunua daftari, nikawa naandika. Siendi somo la pili kabla la kwanza halijaniingia mikononi. Ndivyo nilivyojifunza hata saa.

Somo la kwanza: usipige kitu kwa juu kama mtu anayechungulia kisima. Shuka, simu iwe usawa wake. Nikapiga magoti mbele ya meza, magoti yakalalamika, nikabonyeza.

Siku hiyo binti hakutania. Alituma kidole gumba.

Nikadhani bado sijaweza.

Somo la pili: futa lenzi. Hapo nilijicheka. Miaka thelathini na kitambaa cha kufutia vioo vya saa za watu, na lenzi ya simu yangu sijawahi kuigusa! Nilipoifuta, picha ikawa kama imenawa uso.

Kidole gumba.

Somo la tatu: zima taa, tumia dirisha. Nikagundua kwamba saa mbili asubuhi mwanga unaingia mlaini kutoka kushoto. Upande wa kulia nikasimamisha karatasi nyeupe ili kivuli kipungue. Nagusa saa kwenye skrini simu ijue nataka nini, nashusha mwanga kidogo, nabana viwiko mbavuni, natoa pumzi, ndipo nabonyeza.

Jamani, picha zilikuwa nzuri! Unaona hadi mkwaruzo mwembamba kwenye kioo cha saa.

Kidole gumba.

Nikimpigia, "Niko kazini, baba." Hata Jumapili yuko kazini.

Nikawa nakula simu ikiwa imeegemea jagi, isije ikaita nisiione. Haikuita. Na mimi, badala ya kuuliza, naenda somo linalofuata.

Basi, asubuhi ile alipokata, nilikaa kitandani nikafungua picha ya jana. Nikaikuza, kama kawaida yangu, kwenye saa. Saa ilikuwa safi.

Nikaisogeza kwa kidole taratibu, kona moja baada ya nyingine.

Kona ya juu kulia lilikuwepo kabati la marehemu mke wangu. Mlango wake haufungi, huning'inia nusu wazi, na una kioo kirefu.

Ndani ya kioo, mwanamke ameketi. Ana hereni. Anatabasamu.

Nikageuka. Hakuna mtu.

Nikarudi hadi picha ile ya kwanza ya kupiga magoti, nikazifuata moja moja. Ya kwanza, mgongo tu na gauni lililopauka. Baada ya kufuta lenzi, anaonekana vizuri zaidi. Mbele kidogo anachana nywele. Mbele tena, gauni jipya. Halafu hereni.

Sikukimbia. Fundi saa hakimbii. Nilipiga magoti palepale ninapopigia picha, nikatazama kioo kwa jicho langu.

Kioo kilikuwa kinaangalia dirisha. Dirisha linaangalia roshani ya nyumba ya pili, hatua kama nne tu. Kwenye roshani kuna kiti cha plastiki. Mtu akikikalia, kioo kinamleta ndani, unaapa ameketi kitandani kwangu.

Kazi yangu ndiyo iliyoniponza. Miaka yote nabana lenzi kwenye jicho moja, lile lingine nalifumba, natazama kitu kimoja kisichozidi ukubwa wa kucha. Mwanangu hakufundishwa hivyo. Yeye aliona picha nzima.

Na kadiri nilivyozidi kujua kupiga, ndivyo nilivyozidi kumwonyesha, kila asubuhi, kwamba nafasi ya mama yake imepata mtu.

Nikavaa shati, nikaenda nyumba ya pili.

Mwenye kiti ni muuguzi mstaafu, watu wanamwita Sista. Alifungua mlango akanitazama juu hadi chini.

"Fundi! Miezi mitano unanipiga picha, leo ndiyo unakuja kujitambulisha?"

"Sista, nisamehe. Sikuwa nakupiga wewe. Nilikuwa napiga saa."

"Saa?"

"Saa."

Akagusa hereni moja, kama mtu anayejiuliza aivue au aiache.

"Nilikuwa naiona simu kwenye kioo chako, imenielekea. Mwanzoni nilikasirika, nikasema huyu mzee hana adabu. Halafu nikasema, tangu nistaafu nani mwingine ananitazama? Nikatafuta na hereni."

Nikamweleza habari za binti yangu, zote.

Akanyoosha mkono. "Lete simu. Nenda kakae mezani kwako."

"Unajua kupiga?"

"Nimedunga sindano watoto wanaorusha mateke. Kaa mezani!"

Nikakaa. Akanipiga kutoka roshani yake.

Picha ilikuwa mbaya kuliko zote. Imeinama, kidole chake kimefunika kona, na lenzi ameshaipaka jasho. Lakini yote yalikuwemo: dirisha langu, mzee mmoja mezani, kitanda kitupu, na nyuma yake kwenye kioo cha kabati, Sista roshanini ameinua simu.

Niliituma hivyohivyo, nikaandika, "Mwanangu, ndiye huyu. Yuko nyumba ya pili."

Dakika moja. Mbili. Kidole gumba hakikuja.

Yakaja maneno mawili.

"Umekonda, baba."

Kisha simu ikaita.

Chumba bado ni kilekile, na ubao wa kitanda bado unalia. Sista nilimpiga picha yake mwenyewe, ya mwanga wa dirisha, yeye akiwa katikati na hereni zote mbili. Aliitazama, kisha akaikuza kwa vidole hadi kwenye hereni.

Kwenye daftari langu niliongeza masomo mawili ambayo mwalimu wa video hakuyafikia. Kabla hujabonyeza, pitisha macho kona zote nne. Na mtu anayekupenda akikuomba picha aone unavyoishi, usimtumie saa.