Tairi Lisilo na Meno

Mkwe wangu ni motari: anabeba watu na mizigo kwa pikipiki kati ya Kasongo na vijiji vya Kabambare. Amemwoa binti yangu wa mwisho. Mimi nimefundisha Kurani sehemu kubwa ya maisha yangu, nami nilimpokea kama mwanafunzi mmoja zaidi, maana ana swali kwa kila kitu. Namshukuru Mungu kwa mkwe wa namna hiyo. Ninayoyaandika hapa ni kosa langu kabla ya kuwa kosa lake.

Jumapili mchana, kama hakuna mpira wa miguu, mwenye chumba cha televisheni karibu na soko huonyesha mashindano ya magari ya Ulaya, yale yanayokimbia yakiwa yamelala chini kama mjusi. Mkwe wangu alizoea kwenda huko, na baada ya alasiri akaja barazani kwangu kunisimulia. Hakunisimulia nani ameshinda. Alinisimulia matairi.

Nilipenda kusikia. Nilidhani watu wale wanakimbia tu, kumbe wana sheria kwa kila hatua. Kila dereva anapewa idadi yake ya matairi kwa siku za mashindano, na kila tairi lina alama yake ya kulitambua; akitumia la mwenzake anaadhibiwa. Lenye rangi nyekundu ni laini, linashika barabara vizuri na kufa mapema. La njano ni la kati. Jeupe ni gumu, linavumilia. Na ardhi ikiwa kavu, ni wajibu dereva atumie aina mbili kabla ya kumaliza. Wanapima upepo uliomo ndani, wanapima joto la mablanketi ya umeme wanayoyafunikia matairi kabla ya kuanza. Nilicheka kwa furaha. Hiyo ni fikihi, elimu ya sheria, nilimwambia. Sisi vitabuni tuna mlango wa maji: yanayotwaharisha, yaliyobadilika, yaliyokwisha kutumika. Wao wana mlango wa matairi.

"Na yote haina meno, baba," aliniambia siku moja. "Iko laini kama kichwa ya mutoto. Ndiyo maana inakamata barabara."

Kilikuwa kiangazi. Alichukua kipande cha chupa na tupa ya fundi, akakaa siku mbili uani akikwangua tairi la nyuma, kisha la mbele, mpaka meno yote yakaisha. Mke wangu alimuuliza kama anamnyoa bwana harusi. Alipomaliza akaniomba dua. Niliweka kiganja juu ya mpira ule uliopashwa moto na jua, nikasoma. Na kweli, kwenye udongo mkavu ulioshindiliwa kama sakafu aliwapita wenzake wote. Mimi niliyewazoesha wanafunzi wangu kwamba kila hukumu ina hali yake, sikumuuliza habari za mvua.

Baadaye ndipo nilipojua kilichokuwa kikitokea chumbani mle. Mvua ikianza tu kunyesha huko Ulaya na magari yakapunguza mwendo, mwenye chumba alihamia kwenye mpira wa miguu uliorekodiwa ili wateja wasimpigie kelele. Kilichofuata hawakukiona hata mara moja.

Binti yangu alikuwa kijijini Wamaza akimuuguza mama yake mdogo. Mumewe akaenda kumchukua, na siku waliyotakiwa kurudi ikanyesha mvua ya kwanza ya msimu, kutwa nzima. Hawakufika. Alfajiri iliyofuata, baada ya sala, nilimwomba mchuuzi mmoja anipakie kwenye baisikeli yake. Tulikwenda mpaka kwenye kijito kilichojaa. Yeye akabaki kungoja maji yapungue. Mimi nikavuka kwa gogo, nikaendelea kwa miguu.

Ukungu ulikuwa mzito. Hakuna ndege aliyelia. Njia ilikuwa udongo mwekundu tu, mvua ya alfajiri imefuta nyayo zote za watu. Chini ya mteremko nikaona mstari. Ulikuwa umezama katikati ya njia, mpana kama kiganja, laini, hauna alama yoyote ndani yake. Kila pikipiki huacha meno yake kwenye tope. Ile haikuacha kitu, kana kwamba haikupita juu ya ardhi bali ilichorwa. Mstari ulitoka upande wa Wamaza, ukanijia, ukayumba kushoto, ukayumba kulia, kisha ukakatika miguuni pangu. Hapakuwa na pikipiki. Hapakuwa na mtu, wala kiatu.

Niliita jina la binti yangu mara moja. Sauti haikwenda mbali.

Nikaanza kupanda nikiufuata mstari kuelekea ulikotoka. Katikati ya mteremko nikasikia pikipiki ikija kutoka juu. Niliujua mlio ule, unaokatika kidogo kama mtu mwenye kikohozi. Nikasogea kwenye majani, nikasema salamu aleikum. Mlio ukapita karibu na bega langu, nikasikia na harufu ya petroli, ukashuka mpaka pale mstari ulipokatika, ukanyamaza. Sikuona kitu. Njiani hakukuongezeka alama yoyote. Sikukimbia. Nilisoma Ayatul Kursiyu, nikaendelea kupanda.

Juu ya mlima watu wanne wakatoka ndani ya ukungu. Mabegani walikuwa na miti miwili, na juu ya miti kitu kirefu kilichofunikwa shiti. Walitembea kwa hatua moja, jinsi watu wanavyobeba jeneza. Nyuma yao alikuja binti yangu, peke yake, ameinamisha kichwa, hana viatu.

Nikasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun." Nikasogea kando kuwapisha.

Aliyetangulia, mchimbaji dhahabu mwenye msalaba mdogo shingoni, alinitazama mpaka akaelewa. "Mwalimu, usimusomee huyu," akasema. "Huyu iko wa chuma."

Wenzake wakacheka. Akafunua pembe ya shiti, nikaona gurudumu.

"Baba, bwana yangu anakuja," binti yangu akaniambia. "Anatembea polepole. Bega imevunjika."

Akatokea kweli, mkono umefungwa kwa kitenge cha mkewe. Walikuwa wameanguka chini ya mteremko, tairi lilipokataa kushika tope. Wachimbaji wa kambi iliyo juu ya mlima waliwasikia, wakaibeba pikipiki mpaka kambini, wakaifunika isilowe, wakawalaza huko. Nikamuuliza aliwasha injini saa ngapi asubuhi ile. Akasema haijawaka tangu jana ilipozimika pale alipoanguka. Sikumweleza nilichosikia. Mungu ana viumbe wengi, nao wana njia zao.

Yule mwenye msalaba aliwahi kufanya kazi Bukavu, na huko aliyatazama mashindano yale mpaka mwisho. Alisema mvua ikinyesha wanabadilisha: wanavaa matairi yenye mifereji, ya rangi ya kijani kama maji ni machache, ya buluu kama ni mengi. Mkwe wangu akatazama chini.

"Ile hatukuionaga," akasema.

"Wewe uliona nusu," nikamwambia. "Mimi nilisikia nusu, nikaisomea dua. Kuuliza ilikuwa kazi yangu."

"Baba, hata ungeuliza, ningekuambia tuko kiangazi."

Mchimbaji mmoja wa nyuma, mwembamba, bega lake lilikuwa limechubuka. Niliomba nafasi yake. Walikataa kwa heshima, nami nikasubiri mpaka wakakubali. Nimebeba ndugu wengi kwenda makaburini, lakini uzito ule ulikuwa mwingine. Gurudumu la nyuma lilikuwa karibu na sikio langu, na kwa kila hatua lilizunguka kidogo, bila sauti. Binti yangu aliliona. Akaja upande wangu, akanyoosha mkono, akalishika lisizunguke mpaka tulipofika kwenye kijito.