Mlio wa Moyo wa Mama

Mama alikuwa na valvu ya chuma moyoni, na valvu ile ilikuwa na mlio. Alasiri, nyumba yetu ya Kamembe ikitulia, ungeusikia ukiwa umekaa naye kochi moja: ta, ta, ta. Mwenyewe alitutania: "Siku munaacha kunisikia, mujue nimeisha kwenda."

Daktari alitueleza mapema. Damu hupenda kuganda kwenye chuma. Ini hutengeneza vimeng'enya vya kuigandisha, na ili vifanye kazi linahitaji vitamini iliyomo kwenye majani ya mboga. Kidonge alichomeza Mama kila siku kiliizuia vitamini hiyo, damu isigande. Basi majani ale kidogo, kiasi kilekile siku zote, yasije yakakishinda kidonge. Nikauliza kama hakuna dawa nyingine. Akasema zipo mpya, zinazokifunga kimeng'enya chenyewe hata ule nini, ila kwa valvu ya chuma hazifai.

Kisha dada mkubwa wa Mama, tunayemwita Maman mukubwa, akaja kutoka Nkanka kumuuguza, na kapu la majani ya muhogo. Kwetu mgonjwa aliyepauka hupewa sombe, majani hayo yakitwangwa na kupikwa, ili damu irudi, na Mama alikuwa amepauka kweli. Nilimweleza Maman mukubwa habari za kidonge. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kutwanga.

"Dawa ya kufanya damu ikuwe maji, ile si dawa," akasema. "Munamukausha. Huyu nilimulea mbele muzaliwe."

Nani angembishia? Mama akala sombe mchana na jioni, akachangamka, akaanza hata kuwasema majirani. Siku moja, tukiwa sebuleni, Maman mukubwa akainua kidole tunyamaze.

"Munasikia? Moyo yake imetulia."

Tukatega sikio. Kimya. Tukafurahi, Mungu atusamehe, na Mama ndiye aliyeshukuru wa kwanza.

Damu ilikuwa imeganda kwenye valvu. Daktari alituambia hivyo hospitalini kesho yake, tukiwa tumeshampoteza.

Maman mukubwa hakuwepo daktari alipotuambia, na hakuna aliyemfikishia maneno hayo. Nina hasira naye hadi leo, na nampenda. Bado hutuletea sombe, hukaa kwenye kochi lile, na nyumba ikitulia nasikia ta, ta, ta, pahali pasipo na mtu.

"Alikuwa ameisha kupona," huniambia. "Sasa nini ilimuua?"

Namjibu ni Mungu. Kisha ananiongezea sombe, nami nakula.